Steshenari ya Ngamiani na maombi ya utafiti wa kiangazi: fomu wape, insha usiwape

Nianze na hukumu, anayetaka kuishia hapa aishie. Kwa kuskani vyeti, kuunganisha mafaili, kupunguza uzito wa PDF na kumfikisha mteja hadi kwenye kitufe cha kutuma hata siku ambayo umeme unacheza, steshenari hii naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo ya tano wameipoteza wenyewe kwa kuuza insha. Nitaeleza.

Iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ubavuni mwa fundi baiskeli ambaye magurudumu yake huning'inia mpaka mlangoni kwa jirani. Jina lake silitaji. Mwenye duka hakuniomba nimpigie debe, na nusu ya ninayoyasema hapa hatayapenda. Kibao chenyewe kimeliwa na jua, kilichobaki kusomeka ni kuchapa, kutoa kopi na laminesheni. Ukikuta benchi limejaa vijana walioshika bahasha za kaki, umefika.

Mie si mwanafunzi. Nimestaafu kazi ya maabara. Ujana wangu karibu wote umeishia Muheza, nikipaka rangi ya Giemsa kwenye slaidi za damu na kuhesabu vimelea vya malaria. Niliyempeleka ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Chumbageni, anayesomea bioteknolojia mwaka wa tatu. Amejiwekea kichwani kwamba likizo ndefu hii hatakaa nyumbani kukuna nazi, anataka kwenda kwenye maabara za watu afanye utafiti. Nilimwambia nazi nayo ina sayansi yake. Hakucheka.

Kwa wasioyajua mambo haya: vyuo na taasisi nyingi za Ulaya, Marekani na Asia huchukua wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa wiki nane, kumi, hata kumi na mbili, wakati kwao ni kiangazi na kwetu kusi linavuma. Mwanafunzi anakabidhiwa kwenye maabara moja, anapewa kipande chake cha utafiti, na mwisho anasimama kuwaeleza wenzake alichopata. Programu nzuri hulipa malazi na posho, nyingine na nauli juu yake. Ada ya maombi kwa kawaida hakuna. Hilo lishike, maana tutakutana nalo tena tukifika kwa vishoka.

Kuchagua programu si kazi ya steshenari, na kijana wa mashine, yule anayekaa kwenye kompyuta ya duka na ambaye ndiye hasa ninayeandika habari zake, hakujidai kuijua. Mkate wake ni maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, na akaunti za Ajira za kuombea kazi serikalini. Hilo nalihesabu kuwa ni sifa, kwa sababu mpwa wangu alikuja na orodha aliyoiokota kwenye magrupu ya WhatsApp na sehemu kubwa ya orodha ile haikuwa inamhusu. Zile programu za Marekani ziitwazo REU, zinazofadhiliwa na National Science Foundation, mfuko wa serikali yao wa sayansi, tangu 1987, ni nyingi na zinavutia, lakini fedha zake ni za raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. RISE ya Ujerumani, inayosimamiwa na DAAD, shirika lao la kubadilishana wanafunzi, ni ya wanaosoma vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. CERN, maabara ya fizikia kule Geneva, huchukua hata vijana wa nchi zisizo wanachama, ila inataka watu wa fizikia, uhandisi na kompyuta, na uwe umemaliza angalau miaka mitatu ya chuo. Mtoto wa mbu na vijidudu afuate nini huko?

Waliobaki ndio wa kuongea nao. OIST, chuo cha utafiti kilichoko Okinawa, Japani, kinapokea wanafunzi wa utaifa wowote, kinalipa nauli, malazi na posho, na hakijifungii kwenye kiangazi peke yake. KAUST, chuo kikuu cha Saudi Arabia, ina programu ya miezi mitatu mpaka sita. Austria kuna ISTA, taasisi ya sayansi pale Klosterneuburg nje kidogo ya Vienna, na kuna Vienna BioCenter, kituo cha utafiti pale Vienna, ambao wana shule yao ya kiangazi ya Julai na Agosti, ya watu wa biolojia hasa. Tukashika Vienna BioCenter na Okinawa, basi. Ushauri wangu kwa kijana yeyote ni asome mstari wa masharti ya uraia kabla hajaangalia picha za maabara. Picha zote ni nzuri.

Sasa kazi yenyewe. Matokeo ya chuo ya mpwa wangu yamechapwa pande zote mbili za karatasi nyembamba, na muhuri wa zambarau pembeni. Ukiilaza hivi hivi kwenye skana, maandishi ya nyuma yanajitokeza mbele na alama zinasomeka kwa kubahatisha. Kijana hakuuliza kitu. Aliing'oa pini ya stepla kwa ukucha, akaunyoosha mkunjo kwa ubavu wa rula, akafuta kioo cha skana kwa kitambaa kikavu, maana unyevu wa Tanga hauachi kioo salama, kisha akaweka karatasi nyeusi ya manila mgongoni mwa ile ya matokeo ndipo akashusha kifuniko. Maandishi ya nyuma yakapotea yote. Nimefanya kazi na watu wenye digrii zao ambao hawawezi kufunika slaidi bila kuingiza povu. Huyu ana mikono.

Aliskani kwa rangi ili muhuri uonekane kuwa ni muhuri. Faili likatoka zito, megabaiti kumi na kitu, na fomu inataka lisizidi mbili. Hapo ndipo steshenari nyingi zinapoharibu: wanalikandamiza mara moja, herufi zinageuka sisimizi, na mteja anaondoka anashukuru. Yeye alishusha ubora kidogo kidogo, na kila aliposhusha alikuza skrini asome alama ya somo lililokuwa chini kabisa, mpaka likapita kwenye kipimo na bado linasomeka. Halafu akalipa faili jina la mwombaji na neno la kilichomo. Wengine wanaliacha na lile jina la tarakimu linalotoka na skana, msomaji wa upande wa pili akilipakua linapotelea kwenye mafaili ya wenzake.

Umeme ulikatika tukiwa katikati. Pale wana betri ya akiba inayobeba kompyuta moja na ruta, muda wa kutosha kuhifadhi ulichoandika. Printa haibebi, kwa hiyo ukitaka kuprinti usubiri. Mtandao wao ni wa bando la simu, nao ni wa Tanga hasa: waja leo waondoka leo. Ndiyo maana majibu marefu yote tuliyaandika kwanza kwenye faili la kawaida, tukayabandika baadaye. Fomu hizi ukiziacha muda bila kuzigusa zinakutoa nje, na ulichokuwa umeandika unakiaga.

Kuhusu nenosiri, nampa kijana heshima yake. Mpwa wangu alipotaka kulitaja kwa sauti, alimwambia, "Dada, andika mwenyewe," akageuzia kiti ukutani mpaka akamaliza. Na tulipoondoka alitoka kwenye akaunti mbele yetu na kufuta mafaili kwenye ile kompyuta. Niwaambie ukweli, steshenari nyingine mjini wanakuandikia nenosiri kwenye daftari la duka.

Alichokosea ni GPA, ule wastani wa alama za chuo. Kisanduku kilisema kati ya 4.0, mpwa wangu ana 4.1, mfumo ukakataa na kuonyesha wekundu. Kijana akataka kuandika 4.0 ili tupite. Nikamzuia mkono. Vyuo vyetu vinahesabu kwa 5: daraja la kwanza linaanzia 4.4, na la pili la juu ni 3.5 mpaka 4.3. Ukiandika 4.0 kati ya 4.0 umejitangaza kuwa hukukosa hata swali, na karatasi ya matokeo uliyoiambatanisha mwenyewe inakusuta. Tulipotafuta vizuri tukakuta chini kuna sehemu ya kuchagua kipimo kingine, imejificha. Andika alama yako ilivyo na kipimo chake pembeni. Kama hapana nafasi, itafute kwenye maelezo yao njia wanayotaka utumie kubadilisha, usiibuni. Na hili lina uzito, maana wapo wanaoweka mpaka: KAUST, kwa mfano, wamekuwa wakidai 3.5 kati ya 4.

Kwenye majina alikuwa mwalimu. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu, cha kuzaliwa kina mawili, na la babu limeandikwa kwa herufi moja tofauti. Kazi ya mikopo na vitambulisho vya NIDA imemfundisha kijana huyu kuona tofauti hizo kabla hujaketi. Akauliza kama binti ana paspoti. Hana. "Basi dada, tutumie majina yatakayokuja kukaa kwenye paspoti, maana ukipata ndiyo itakayokupeleka." Sahihi kabisa. Na anayetaka kuomba programu hizi aanze kuifikiria mapema, ni shilingi 150,000, na Uhamiaji hawakuchapii kwa sababu wewe una haraka. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi za Ulaya kama Austria, ni euro 90 tangu Juni 2024, na ubalozi wa Austria unaotuhusu sisi uko Nairobi. Picha wanapiga hapo hapo, ila waambie mapema ni ya nini: ya paspoti yetu ina mandhari ya bluu, ya Schengen wanataka nyeupe au kijivu.

Saa ndiyo inayowamaliza vijana. Vienna wakisema mwisho ni saa 23:59 kwa saa za Ulaya ya Kati, na ni Januari, hapa kwetu inakuwa saa nane kasoro dakika moja usiku wa kuamkia siku inayofuata. Mwingine anasoma 23:59 anaihesabu kwa saa ya Tanga, anakata tamaa huku bado ana saa mbili. Wa kinyume chake ni mbaya zaidi: fomu imeandikwa mwisho ni saa 12 mchana kwa saa zao, yeye akaisoma kwa mazoea yetu akajua ni jioni. Kijana wa mashine amebandika ukutani kikaratasi chenye saa ya Ulaya, ya Marekani ya mashariki na ya Japani. Alipokibandika alikuwa anafikiria maombi ya skolashipu za Uturuki na China, lakini kinafaa kwa wote. Hata hivyo steshenari yenyewe inafunga saa mbili usiku. Msifikirie kumgongea mlango.

Barua za mapendekezo ni mahali ambapo steshenari haina la kukusaidia, au niseme haikutakiwa kuwa nalo, lakini walitusaidia. Programu hizi hazipokei barua mkononi mwako. Unaandika jina na baruapepe ya mwalimu wako, mfumo unamtumia kiungo, yeye mwenyewe anaipandisha barua, wewe huioni. Wengine wanataka baruapepe iwe ya chuo, si ya bure, na wahadhiri wetu wengi ile ya chuo wameifungua siku walipoajiriwa na hawajairudia. Mpwa wangu aliandika majina mawili. Mmoja alijibu siku ile ile. Mwingine kimya.

Binti akaona haya kumkumbusha. Alisema, "Mjomba, nitaonekana namsumbua." Kijana wa mashine akadakia kwamba ujumbe wa mfumo huwa unaangukia kwenye taka, na mwalimu hana makosa yoyote. Akamsaidia kuandika meseji fupi ya simu, nayo niliipenda nikaihifadhi: "Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Kiungo cha barua ya mapendekezo kimetumwa kwenye baruapepe yako ya chuo, huenda kimeingia kwenye taka. Kichwa chake kimeanza na jina la programu. Mwisho ni Ijumaa saa nane usiku kwa saa zetu. Nakushukuru sana, mwalimu." Adabu ipo, kazi ipo, saa ipo. Barua ikaingia. Mtu mzima akiombwa hivyo hawezi kukasirika, na kama angekasirika angekuwa na lake jambo.

Nifike kwenye nyota iliyopotea.

Tulipofika kwenye kisanduku cha insha, kijana akafungua folda. Ndani yake barua zimepangwa kwa majina: udereva, ualimu, ulinzi, skolashipu. Akasema, "Mzee, hii ya skolashipu tunabadilisha jina na chuo tu, elfu tano. Au akili mnemba inaandika mpya, elfu tatu, dakika moja." Bei ya mashine ilikuwa chini ya bei ya folda, soko lenyewe limeshasema lake.

Nikaomba nizisome zote mbili kabla sijasema neno. Ya folda ilianza na mtoto mdogo aliyeipenda sayansi tangu hajajua kusoma, na kwenye aya ya tatu bado mlikuwa na jina la chuo alichoomba mteja aliyetangulia. Ya akili mnemba ilikuwa safi, haina kosa hata la nukta, na haina mtu ndani. Mwombaji ana shauku kubwa ya kutatua changamoto za afya duniani. Fursa hii itamjengea uwezo. Barua ile ungemvalisha mwanafunzi wa kilimo, wa sheria au wa hoteli, ingemkaa vilevile.

Mwenye duka, mama mmoja mwenye sauti, alipoona nasitasita akasema kutoka kwenye kaunta, "Mzee wangu, wenzako wanatuma hizo hizo na wanapata."

"Nani kapata?"

"Wengi."

Sikuendelea. Ila mie nimewahi kukaa upande wa pili wa karatasi hizi, kwa kiasi changu. Pale kazini tulikuwa tunapokea wanafunzi wa field, yaani wa mafunzo kwa vitendo, na mkuu wetu alikuwa ananipa barua zao kwa sababu mie ndiye niliyekuwa nakwenda kukaa nao benchi. Zile za shauku zilinipita mkononi bila kuacha kitu. Niliyoisoma mara mbili ilikuwa ya kijana aliyesema kwamba Giemsa ya chuoni kwao ilikuwa inaacha punje ambazo wenzake walizihesabu kuwa vimelea. Yeye akaichuja rangi kwa karatasi ya kuchujia, akahesabu upya, idadi ikashuka. Sentensi tatu tu. Nikamwambia mkuu, huyu aje. Wazungu wa Vienna sidhani kama wana macho tofauti na yangu: mtu mwenye maabara anatafuta atakayemwachia benchi lake asiliharibie, na akiona jambo la ajabu aseme.

Nikamtoa mpwa wangu nje, tukakaa kwenye benchi la fundi baiskeli.

"Mwaka jana field ulifanya nini Muheza?"

"Nilikusanya mbu, mjomba."

"Uliwakusanyaje?"

"Tulikuwa tunaning'iniza mtego wa taa kando ya chandarua, mtu amelala ndani, usiku kucha. Asubuhi nawatenga, Anopheles huku, Culex huku, halafu majike na madume. Madume wana papasi zenye manyoya mengi."

"Ukaona nini?"

Akanyamaza kidogo. "Culex walikuwa wengi mno kwenye nyumba zilizo karibu na vyoo vya shimo. Na nyumba zenyewe zote zina vyandarua vyenye dawa. Nikawa najiuliza kama ile dawa bado inawaua."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Mradi ulikuwa wa malaria. Culex tulikuwa tunawamwaga."

Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja. Culex ndio hao, wakisaidiana na Anopheles, wanaoeneza matende na mabusha pwani hii yote. Hapa Tanga hakuna asiyekuwa na mzee wa ukoo aliyeugua. Na yeye alikuwa akiwamwaga kila asubuhi huku kichwani ana swali ambalo watu wazima wanaandikia ripoti. Insha ilikuwa imekaa hapo siku zote. Akaiandika kwa mkono kwenye daftari, pale pale bencini, fundi akigonga rimu pembeni: mtego uliwekwa wapi, alitenga nini, aliona nini, alijiuliza nini, na angependa kujifunza njia gani za kulijibu. Aya ya mwisho akataja ni maabara gani ya huko inayoshughulika na mambo ya namna hiyo na kwa nini ameichagua. Okinawa nao wanakutaka utaje vitengo unavyovitaka; hapo ndipo wengi wanapojaza cha kwanza wanachokiona, na inasomeka hivyo.

Tuliporudi ndani, kijana akaichapa kama ilivyo. Kiingereza kilikuwa na makosa mawili matatu. Akili mnemba tuliipa kazi moja, kuonyesha makosa ya sarufi, na tukaikatalia kila ilipotaka kuongeza shauku. Kijana aliposoma habari ya Culex kumwagwa alisimamisha vidole. "Kumbe hawa wa chooni ndio wa busha?" Nikamwambia ndio. Akasema baba yake mdogo anao. Tukazungumza kidogo juu ya dawa zinazogawiwa kwenye kampeni, kisha akaendelea kuchapa. Hakututoza ya insha.

Kwa hiyo malalamiko yangu si kwa kijana, ni kwa folda. Mama mwenye duka angeifunga hiyo ya skolashipu, akaacha za udereva, maana dereva hapimwi kwa barua. Sitarajii kama ataifunga. Elfu tano ni elfu tano.

Ila nitakuwa mwongo nisipotofautisha duka hili na vishoka. Kabla hatujafika Ngamiani, mpwa wangu alishazungumza kwa simu na jamaa mmoja anayejiita mshauri wa masomo ya nje. Alitaka laki na nusu ya kuanzia, kisha nyingine ukichaguliwa. Alitaka nenosiri la baruapepe yake. Kubwa kuliko yote, alisema barua za wahadhiri asihangaike, yeye atafungua baruapepe mbili zenye majina yao na kuzituma mwenyewe. Na laki na nusu ile aliiita ada ya maombi ya chuo. Vienna hawana ada hiyo, Okinawa hawana. Barua ya kughushi ikigundulika, mwanafunzi ndiye anayebaki na jina chafu, huko alikoomba na hapa chuoni kwake. Mshauri anabadilisha laini. Dada yangu alikuwa ameshaanza kutafuta hiyo hela kwenye kikoba. Ni bahati kwamba aliniuliza.

Gharama za Ngamiani, mara ya mwisho tulipokuwa pale: kuskani ukurasa shilingi 500, kuprinti nyeusi 300, kujaza fomu ya mtandaoni mwanzo mpaka mwisho elfu kumi, na ukijaza mwenyewe ukakodi kompyuta tu ni elfu moja kwa saa. Kujaza kwa elfu kumi ni ghali ukilinganisha na fomu ya mkopo, lakini fomu hizi ni ndefu na kijana hana haraka. Picha elfu tatu. Mwanafunzi akiwa na kitambulisho cha chuo anaweza kuomba kupunguziwa. Mama anapunguza huku analalamika.

Vienna wamejibu hapana, kwa ustaarabu, mistari michache. Okinawa bado. Mpwa wangu ameshaomba nafasi ya field Muheza kwa ajili ya kusi hili, kama Okinawa nao watakataa, na safari hii kwenye barua amewaambia anataka Culex wasimwagwe.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, mtandao unakuwa mwepesi na foleni haijajaa watu wa Ajira. Ijumaa wanafunga kwa swala na kurudi saa nane mchana. Njoo na flashi yako, maana ya dukani imepita kwenye kompyuta za watu wengi mno, na vyeti halisi, si kopi ya kopi. Kijana ninayemsifu huwa hayupo Jumamosi. Anayeshika zamu siku hiyo hajui habari ya karatasi nyeusi.